Kapasita za Amplifaya ya Mwalimu

Watu walimwita Fundi Sikio, na jina hilo alilivaa kwa majivuno miaka thelathini. Wenzake walianza na mita ya kupimia umeme. Yeye aliwasha amplifaya, akabandika sikio kwenye spika, akatoa hukumu: "Kapasita za pawa zimekauka." Na kweli, ukifungua unavikuta vikopo hivyo vya kutuliza mvumo wa umeme vimevimba vichwa.

Mwaka huu mambo yalimwendea kombo. Amplifaya tatu zilirudi dukani, wenyewe wakilalamika kwamba bado zinavuma. Alizisikiliza zote, akazikuta kimya. Akazilaumu kapasita za siku hizi, maana wapo matapeli wanaoficha kapasita ndogo ndani ya kopo kubwa. Akazing'oa, akazipasua. Zilikuwa halali, zimejaa hadi ukingoni. Hata hapo hakutaka kushtuka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha Mwalimu mstaafu, mteja wake wa kwanza kabisa, akaleta amplifaya yake ya zamani.

"Ikirudi na hii, nafunga duka," Fundi alimwambia mkewe. "Nikikosa kuaminiwa na Mwalimu, nimebaki na nini?"

Basi kapasita alizichagua kama mtu anayechagua mkwe. Za asili zilikuwa za volti hamsini. Akanunua za sitini na tatu, kwa sababu volti zikizidi si neno, zikipungua ni kilio. Mikrofaradi, yaani ujazo wake, aliziacha zilezile, elfu nne na mia saba, asizielemee diodi za kunyoosha umeme, zilizokwisha kuzeeka. Zile za kwenye droo, mpya lakini za miaka kumi na tano, hakuzigusa, maana kapasita hukauka hata ikiwa imelala. Alizipima moja moja, akazifunga. Zilikuwa nene kuliko nafasi yake, ikabidi azisogeze kando kwa waya. Akawasha, akabandika sikio. Kimya. Kimya ambacho hajawahi kukipata kwenye mashine yoyote. Alikaribia kulia kwa furaha.

Mkewe akaingia na chai, akasimama mlangoni.

"Baba watoto, unawezaje kukaa na mvumo huo?"

"Mvumo gani?"

"Huo! Nimeusikia tangu uani."

Alidhani anataniwa. Akazima. "Na sasa?"

"Umekata."

Akawasha tena, na kabla mkewe hajafungua kinywa, akauona uso wake ukikunjamana. Akakaa.

"Kumbe," mkewe akasema, sasa kwa sauti ya juu kidogo. "Nikikusemesha umenipa mgongo, hujibu. Miezi yote hii nilijua unanidharau."

Fundi angeweza kuishi bila meno, hata bila jicho moja, lakini hili lilikuwa kumzika akiwa hai.

Asubuhi nzima walifanya kazi wawili. Yeye alihamisha waya, mkewe akikaa kwenye stuli na kusema "bado", na tena "bado". Alipoung'oa waya wa ardhi wa kapasita mpya pale alipouchomelea, akaurudisha kwenye ncha ya asili, mkewe akapiga kofi.

"Umekata!"

Kuuhamisha waya huo kulikuwa kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Zamani angelisikia akiwa bado ameshika solda. Sasa alisikia kimya kilekile cha mwanzo, wala hakuona tofauti.

Mchana Mwalimu akaja, akaweka muziki wake, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Fundi, Mungu aibariki mikono yako. Unaisikia hiyo besi inavyotembea?"

Mkewe akainama, akajifanya anafuta meza.

"Naisikia, Mwalimu," Fundi akajibu, macho ameyakaza kwenye midomo ya Mwalimu, asije akapitwa na swali la pili.