Kula Mbili za Mzee Mihayo

Katika miaka yote niliyofundisha na Mwalimu Maige, sikuwahi kumwona akiongeza chakula. Harusini, msibani, kwenye sherehe ya kuwaaga kidato cha nne, ni sahani moja tu. Ataifuta mpaka ing'ae, ataisukuma mbele, halafu atakaa anaangalia sufuria kwa macho ya yatima. Alikuwa mrefu na mwembamba, na mkanda wake ulikuwa na matundu ya ziada aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari. Alifundisha Historia kwenye shule yetu ya sekondari hapa Mwanza, nami nilifundisha Kiswahili. Jina langu ni Jumbe. Mimi ni mzaliwa wa Mirongo, na r na l nazitenganisha. Nalisema hili mapema kwa sababu litahitajika.

Maige hakuwa na kidonda cha tumbo, wala hakuwa bahili. Tatizo lilikuwa ukoo. Kijijini kwao, upande wa Misungwi, walikuwa wanaitwa Wa Mara Mbili. Mwaka 1957 baba yake, Mzee Mihayo, alifukuzwa kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa pamba, na kosa alilofukuzwa nalo, kwa jinsi lilivyosimuliwa, ni kwamba siku ya mkutano mkuu alikula mara mbili. Akafa muda si mrefu, Maige akiwa bado mtoto. Mzee alizikwa lakini utani haukuzikwa. Kila penye sherehe watu walipiga kelele, "Maige anakuja? Ongezeni sufuria!" Ukikanusha, unajibiwa kwamba lisemwalo lipo. Methali hiyo siipendi mpaka leo.

Aliyemtesa kuliko wote alikuwa mjane mmoja wa kijijini, Mama Ng'washi. Bibi huyu kila sherehe alimfuata Maige na sahani iliyojaa pomoni, akamwambia mbele za watu, "Kula ya pili ilikuwa yangu." Watu wakacheka wakashika mbavu. Walielewa hivi: Mihayo hakula mara mbili tu, alikula na chakula cha mjane! Maige akimwona Mama Ng'washi anainuka na sahani, alikumbuka ghafla kwamba ana haja ndogo.

Sasa mwaka 1995 binti yake, Precious, akapata mchumba, na harusi ikapangwa Desemba, kijijini huko huko. Upande wa bwana harusi wakatuma ujumbe kuuliza kama ng'ombe wawili watatosha kwa ukoo wa bibi harusi au waongeze wa tatu. Walitania tu. Lakini Maige alikuja kwangu ofisini, akakaa, mkanda ukaingia tundu jingine.

"Jumbe ndugu yangu," akaniambia, "mimi nimeshazoea. Ila mwanangu asiolewe na jina hilo."

Nilimpa pole. Ningempa nini kingine?

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinabinafsishwa. Pamba ilianza kununuliwa na watu binafsi wenye malori, ushirika ukayumba, na maghala yake yakapangishwa kwa wauza mitumba. Makaratasi ya ofisini yaliuzwa kwa magunia. Gunia moja lilinunuliwa na Odeta, mama aliyeuza maandazi nje ya geti la shule yetu, awe anafungia biashara yake. Asubuhi moja mwezi wa saba Maige alinunua andazi, akaling'ata, akafungua karatasi zaidi ili apate pa kung'ata tena, akakuta jina la baba yake. Akabaki amesimama pale getini na andazi mdomoni mpaka kengele ikalia.

Ilikuwa nusu ya juu ya ukurasa, imechanika katikati. Mwandiko wa karani mwenye haraka: "Talehe 9. Mkutano Mkuu. Wanachama 62. Kula 63. Imeonekana Mihayo kula mbili."

Mtu mwingine angeikunja akaificha. Maige alikuwa mwalimu. Mkuu wa shule alikuwa ametangaza Siku ya Taaluma, kila somo lionyeshe kazi yake mbele ya wazazi, na Maige akasimama kwenye kikao akasema masomo yote yatumie karatasi moja, hiyo hiyo. "Karatasi ya zamani," alisema huku akiinyanyua, "si ya Historia peke yake. Kila mwalimu aiulize swali la somo lake, itamjibu." Nilijua anachotafuta. Alitaka walimu wote tumsaidie kumsafisha baba yake, ila aliona aibu kuomba hivyo.

Wa kwanza kuiuliza alikuwa Mwalimu Rebeka wa Sayansi Kimu. Kwa Rebeka, hapakuwa na fumbo lolote: wanachama sitini na wawili, sahani sitini na tatu, mtu mmoja kaongeza. Wanafunzi wake wakachora mlo wenyewe kwenye manila, ugali, maharage na mlenda, wakaandika chini yake vitamini. Chini kabisa wakachora mzee mnene mwenye sahani mbili. Maige aliiangalia picha ile muda mrefu. Baba yake, alisema kwa sauti ndogo, alikuwa mwembamba.

Akafuata Mwalimu Iqbal wa Kemia. Iqbal aliona doa la mafuta pembeni, akakata kona kwa mkasi kabla hatujapata nafasi ya kupiga yowe, akaitumbukiza kwenye spiriti, akatikisa, akaongeza maji, akatangaza kwa furaha, "Mafuta ya kupikia! Siku ile kulikuwa na karamu, wazazi wangu, na karani aliandika bila kunawa mikono!"

Wazazi wakapiga makofi. Odeta, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake kichwani, akasema, "Mafuta yangu hayo, mwalimu. Ya pamba. Ya juzi."

Makofi yakaisha.

Ikaja zamu yangu, na hapa nitasema ukweli ingawa unaniumiza. Niliichukua ile karatasi nionyeshe wanafunzi makosa ya tahajia. Nilikuwa na kalamu nyekundu mfukoni, kama mwalimu yeyote mwenye heshima zake. Sijui ilifikaje mkononi. Ninachojua ni kwamba nilipozinduka, "talehe" ilikuwa "tarehe", "kula" zote mbili zilikuwa "kura", na juu pembeni nilikuwa nimeandika nne juu ya kumi, na chini yake, "Jitahidi."

"Jumbe!" Maige alipiga ukelele ambao sitausahau. "Umeandika kwenye 1957!"

Maji yalikuwa yameshamwagika. Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini nilipokuwa nainama kwa aibu juu ya ule ukurasa, nikaona nilichokisahihisha. Karani huyu hakuwa na r hata moja. Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, nusu ya mji ilikuwa inasema inakwenda kupiga kula, na mimi nilikuwa nawakosoa hadi kwenye foleni ya maji. Kwa nini karani wa 1957 awe tofauti? Wanachama 62, kura 63. Hapakuwa na chakula chochote kwenye karatasi ile. Kijijini watu walizungumza Kisukuma, lakini mambo ya chama yalikuja na Kiswahili chake, na neno kura lilipotoka ukumbini kwenda majumbani, likageuka sahani ya ugali.

Nilimweleza Maige nikidhani atanikumbatia. Akakaa kwenye dawati.

"Kwa hiyo baba hakuwa mlafi," alisema.

"Hakuwa!"

"Aliiba kura."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Rebeka, ambaye ana huruma kwa namna yake, akamshika bega. "Mwalimu, bakini na ulafi tu. Mwaka wa uchaguzi huu."

Usiku ule sikulala vizuri, nusu kwa ajili ya kalamu nyekundu na nusu kwa ajili ya Maige. Asubuhi nikamvuta hadi kwa Odeta tutafute nusu ya chini ya ukurasa. Nikamwamkia Odeta kwa heshima zote, nikamwomba atuachie gunia tulipekue. Odeta akakataa katakata.

"Mimi karatasi siuzi, mwalimu. Nauza maandazi."

"Basi tupe maandazi," nikasema.

Ndivyo tulivyoanza utafiti. Kila andazi lilikuja na karatasi yake, na Odeta alizichomoa guniani moja moja bila kubadili mpangilio, maana alisema akivuruga zitachanika. Maige, kwa miiko yake, alikula andazi moja kwa siku. Mengine yote yalinihusu mimi. Nilikula barua za maombi ya magunia, nikala ratiba ya malori, nikala onyo kwa mlinzi aliyelala. Jioni nilibeba karatasi nyumbani na kiungulia pia. Wiki ya pili mke wangu aliniuliza kama nina jambo la kumwambia, kwa sababu shati halifungi.

Ijumaa ya wiki ya tatu, andazi la tano, mwandiko ule ule. Maige aliisoma kwanza, kisha akanipa.

"Mbegu za pamba ndani ya kibuyu ni 63. Mihayo akili kutia mbili. Asema mbegu ya pili ni ya Ng'washi mjane ambaye haluhusiwi kuingia mkutanoni. Asema pamba yake imepimwa hapa kama zetu. Mkutano umekasilika. Afukuzwe."

Tulikaa kwenye benchi la Odeta tukilia, watu wazima wawili, na wanafunzi wanapita. Mimi nilisingizia kitunguu. Odeta akasema maandazi yake hayana kitunguu.

Kwenye harusi ya Precious, Maige aliomba dakika mbili kabla ya chakula. Alitumia thelathini na tano. Alieleza chanzo cha kwanza na chanzo cha pili, akaeleza doa la Odeta na kwa nini si ushahidi, akanitaja mimi na kalamu yangu kwa jina kamili. Pilau lilikuwa linapoa. Watu walikuwa wanaguna. Halafu akasoma ile nusu ya chini, polepole, kama ilivyoandikwa, na kuguna kukakatika.

Mzee Shimba, mmoja wa wachache waliokuwamo mkutanoni mwaka ule na bado wapo, alikuwa anaangalia viatu vyake. Akaulizwa kama ni kweli.

"Ni kweli," akasema. "Nani angesema mwanamke amepigiwa kula? Tungechekwa sisi. Tukaacha achekwe yeye."

Hapo Mama Ng'washi akainuka na sahani. Maige alimwona, na kwa mazoea ya miaka mingi akatazama upande wa choo. Kisha akajikaza, akabaki pale pale.

"Shikamoo mama," alisema.

"Malahaba, mwanangu." Akaitua sahani mezani. "Miaka yote nawaambia. Kula ya pili ilikuwa yangu. Mmenisikia lini?"

Hata mimi, bingwa wa r na l, nilisimuliwa maneno hayo mara mia nikacheka pamoja na wengine.

Maige alikaa, akala sahani yake. Akaifuta, akaisukuma mbele. Kisha akaivuta ile ya Mama Ng'washi, na ukumbi mzima ukasogea kumwangalia mtu anavyokula pilau lililopoa. Alikula taratibu, machozi yanadondokea humo humo, na bibi amesimama juu yake anahakikisha. Alipomaliza tonge la mwisho, bwana harusi mwenyewe akapiga kelele kutoka meza kuu, "Karani yuko wapi? Iandikwe!"

Watu wote wakanigeukia. Nikachomoa kalamu nyekundu, nikageuza kadi ya harusi, nikaandika tarehe, na chini yake: "Maige, kula mbili." Nimeiacha na l yake.