Aliko Aliyesomea Dini

Aliko alipopangiwa chuo kikuu kusomea dini, kijiji chetu kizima cha Ihanda kilishangilia kabla hakijauliza maana yake. Sisi tulijua dini husomewa na mtu mmoja tu, naye ni mchungaji. Vijana wenzake wakaanza kumwita Baba Askofu kila alipopita na jembe begani. Alijaribu kueleza kwamba hasomei uchungaji, anasoma dini zote, ya Wakristo, ya Waislamu, ya Wahindi na ya mababu zetu, jinsi watu wanavyoabudu na kwa nini. Mzee Mbonile, mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Na ukishazijua zote, utaabudu ipi?" Watu wakacheka. Aliko naye akacheka, maana alidhani ule ulikuwa utani.

Kijana huyu nimemjua tangu anabebwa mgongoni. Mama yake alifariki mapema, baba akahamia Tunduma kwa mke mwingine, na aliyemlea ni bibi yake, Atuganile, mwenzangu katika umoja wa wanawake na katika kwaya. Atuganile aliimba sauti ya pili, na msiba wowote wa Ihanda ulimkuta na kitambaa chake cheupe kichwani, yeye ndiye anayeanzisha nyimbo kaburini. Alikuwa akituambia bila aibu, "Mimi nikifa, naombeni mniimbie vizuri. Msiniimbie kivivu kama watu wenye njaa." Sikumsikia akitaka kitu kingine hapa duniani.

Sasa, bibi alikuwa na desturi moja. Mvua za kwanza zikinyesha, alibeba kikapu cha mbegu mpaka kwenye kaburi la mumewe, nyuma ya mibuni. Alinywa funda la maji, akayapuliza juu ya mbegu na juu ya kaburi, akasema, "Mzee wangu, tunaanza kulima." Basi, akaenda zake shambani. Nusu ya wanawake wa Ihanda hufanya kitu cha namna hiyo, na nusu iliyobaki hudanganya. Hakuna anayemtangaza mwenzake, kwa sababu kila nyumba ina lake.

Mwaka wa tatu Aliko alikuja kufanya utafiti. Alimfuata bibi kila mahali, akamuuliza maswali, na bibi akamjibu yote, maana ni mjukuu wake, angemficha nini? Aliporudi chuoni mwalimu wake alimsifu mbele ya darasa zima. Mimi nasema sifa zile ndizo zilizomharibu.

Ilipofika Jumapili ya wanafunzi, mchungaji aliwaita wasomi wetu mbele wasalimie usharika. Wengine walisema wanamshukuru Mungu, wakaketi. Aliko alivaa suti, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema Ukristo wetu una mizizi miwili, mmoja wa Biblia na mmoja wa mababu. "Mfano mzuri," akasema, "ni bibi yangu mwenyewe, yuko pale kwenye kwaya." Akaeleza yote, kikapu, maji, kaburi na maneno yenyewe. Alipomaliza alitabasamu akisubiri makofi. Hakuna aliyepiga. Bibi Atuganile aliinamisha kichwa akaitazama mikono yake. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, ila wa Aliko uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Wiki ile ile baraza la wazee likamwita bibi, na mjukuu akaitwa kuwa shahidi. Mimi nilikuwepo kama kiongozi wa wanawake. Mchungaji wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa huruma, tena aliipenda sauti ya bibi. Akamgeukia Aliko kwa upole.

"Kijana wangu, nadhani Jumapili ile ulikuwa unatoa mfano tu wa vitabuni. Ukamtaja bibi ili tuelewe vizuri. Sivyo?"

Hata mbuzi angeuona mlango ule. Neno moja tu, ndiyo, tungekunywa chai tukaenda nyumbani. Bibi alimtazama mjukuu wake.

"Hapana, mchungaji," Aliko akasema. "Ni utafiti. Nimeona kwa macho yangu."

Kisha, Mungu amsamehe, akaanza kufundisha. Akawaambia wazee kwamba hapo hakuna kosa, kwamba hata Krismasi ina mambo yaliyotoka kwenye dini za zamani, kwamba bibi anashika dini mbili kwa wakati mmoja na wataalamu wana jina lao la jambo hilo. Masikini, aliamini anamtetea. Mzee Mbonile hakumkatiza hata mara moja.

"Asante, mwanangu," akasema mwishoni. "Dini mbili. Umesema mwenyewe."

Bibi akatengwa. Asishiriki meza ya Bwana, asikae na kwaya, avue kitambaa, na akifa kanisa lisimzike, mpaka siku atakaposimama mbele ya usharika na kutubu kwamba aliabudu mfu.

"Nilimwambia mume wangu tunalima," bibi akajibu. "Sikumwabudu akiwa hai, nikamwabudu yuko kaburini?"

Nikacheka. "Mama Samwel," akasema mzee Mbonile, "hapa si mahali pa kicheko."

"Nikisimama kusema niliabudu," bibi akaendelea, "nitakuwa namdanganya Mungu ndani ya nyumba yake. Siwezi."

Basi kila Jumapili akawa anakaa nje, chini ya dirisha la upande wa kwaya. Tukianza wimbo ndani, yeye anatupokea kwa sauti ya pili kutoka nje, na nakwambia hatukuwahi kuimba vizuri kama miezi ile. Mzee Mbonile akaagiza dirisha lifungwe.

Aliko alihitimu, akapiga picha na joho. Kazi hakupata. Hakuna ofisi Tunduma inayotafuta mtu anayejua kwa nini watu wanaabudu. Alipanga chumba mtaa wa Chapwa, akawa anawasaidia madereva wa malori makaratasi yao ya mpakani, nao wakampachika jina la Pasta. Alikuwa akija kumwona bibi na sukari na sabuni, na bibi alimpokea kwa furaha ile ile. Hakumlaumu hata siku moja. Mimi ndiye niliyemlaumu, tena usoni, na sijutii.

Mchungaji wetu akahamishwa, akaja mwingine kijana aliyemwogopa mzee Mbonile. Ndipo bibi akaugua ugonjwa wa kutoinuka. Jumatano moja alituita, mimi na Aliko na Ketrina, binti wa bibi mwenyewe, akasema kwa shida, "Nitatubu. Nitasema wanachotaka. Nataka kuimbiwa."

Aliko alikimbia mpaka kwa mzee Mbonile. Akajibiwa kwamba kurudi kundini ni Jumapili, mbele ya watu wote. "Mleteni Jumapili, hata kwa kiti." Bibi akafa Ijumaa.

Jioni ile Aliko aliniomba nimsindikize tena. Alipiga magoti uani kwa mzee yule, na suruali yake ya mjini.

"Mzee, nilidanganya. Bibi hakuwahi kufanya vile. Nilitunga nipate maksi."

"Kumbe ulisema uongo kanisani, mbele ya madhabahu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi wewe ni mwongo, na siwezi kumzika mtu kwa neno la mwongo. Na kama ulisema kweli, siwezi kumzika vilevile. Pole sana na msiba." Akamwita mkewe amletee Aliko chai.

Tulimzika Jumamosi. Kengele haikupigwa. Sisi wa kwaya tulikwenda kama majirani, bila vitambaa, na tulishaonywa kwamba atakayeimba atamfuata Atuganile nje ya kundi. Mzee Mbonile naye alikuja, akakaa mahali anapoona midomo yetu. Jeneza liliposhushwa, Ketrina alimgeukia mpwa wake.

"Aliko, wewe ndiye uliyesoma dini hapa. Muombee bibi yako."

Aliko akasogea. "Katika jamii nyingi," akaanza, "kifo hakichukuliwi kuwa mwisho, bali..."

"Nimesema omba!"

Akafungua mdomo, akaufunga. Nilimchukia na kumwonea huruma kwa pamoja.

"Basi," Ketrina akasema. "Fukieni."

Kwetu watu huimba wakati wa kufukia. Nimezika wengi, na sikuwahi kujua udongo hupiga kelele kiasi kile juu ya mbao. Kumbe miaka yote tulikuwa tunaimba ili wafiwa wasiusikie. Aliko alisimama ukingoni akausikia wote, kuanzia koleo la kwanza.