Mkono wa Mbasela

Sokoni Chipata watu hawakumjua Mailesi Zulu kwa sura, walimjua kwa mkono. Kwa miaka kumi na moja alipima dagaa kwa kikombe cha plastiki, akawamimina kwenye mfuko wa mteja, kisha akachota konzi nzima kwa mkono wa kulia na kuongeza juu. Nyongeza hiyo ndiyo mbasela, na Chipata ukiuza bila mbasela watu husema umewanyang'anya. Mailesi hakuwahi kubandika tangazo wala kupaza sauti kuita wateja. Konzi yake ilitosha.

Msimu huu wa mvua mkono ukaanza kumtesa. Kiwiko kiliwaka moto, kifundo kikavimba, vidole vikagoma kukunjika. Zahanati walimpa vidonge na kumwambia apumzike. Apumzike, nani auze? Mume alishazikwa, na wanawe wawili wako Lusaka na shida zao. Meza ile ndiyo iliyomlisha, na dagaa wakilala wiki mbili kwenye unyevu huota ukungu, basi tena.

Wa kwanza kuona konzi imepungua alikuwa Mama Chisomo, mteja wake tangu siku za mwanzo. Alichungulia mfuko wake.

"Mama, hii ni mbasela au umejipangusa mkono?"

Kwenye meza ya jirani Eneless Mwanza, msichana mwenye vidole vizima, akadakia: "Njoo huku, mama! Kwangu konzi mbili, na kitunguu juu!"

Mailesi alicheka pamoja nao, lakini moyoni aliumia. Kesho yake akaja na mpango. Alijaza kikombe mpaka kikafanya kichuguu, dagaa wakimwagika pembeni, akawaambia wateja mbasela imo humo humo. Na ilikuwemo kweli! Kichuguu kile kilizidi konzi mbili za Eneless, mwenye macho aliona. Sasa nenda ukawaambie watu wa Chipata.

"Nimelipia kikombe, umenipa kikombe," alisema Mama Chisomo. "Changu mimi kiko wapi?"

"Si kimo humo, mama? Tazama kikombe kilivyojaa!"

"Hicho ni kipimo chako. Mimi nataka unipe."

Kwa kuchoka, Mailesi akachota kwa mkono wa kushoto, ambao ulikuwa mzima. Mama Chisomo alivuta mfuko wake nyuma kwa kasi.

"Wa kushoto? Nimekukosea nini mimi?"

Akahamia kwa Eneless, na wiki nzima wengine wakamfuata. Mailesi alikaa akifukuza nzi kwa kipande cha boksi, akiwanusa dagaa kila baada ya muda kuona kama wameanza kuharibika. Alikuwa amechoka mpaka kuongea kulimchosha.

Ijumaa, akielekea nyumbani, alinunua nyanya. Fungu lilikuwa kubwa na bei ya chini, hakuwa na la kulalamikia. Mdomo wake ukasema wenyewe: "Na mbasela?" Muuzaji akamtupia nyanya moja laini, yenye ufa. Mailesi alitembea na furaha yake mpaka kwenye kona, hapo akasimama, akaitazama ile nyanya, akajiona mjinga kama wateja wake.

Jumamosi alimpimia mteja wa kwanza kikombe na kukipangusa juu kikawa sawasawa, bila kichuguu. Kisha akachota dagaa wachache kwa mikono miwili, wa kushoto ukiubeba ule mgonjwa kwa chini, akapiga goti kidogo kama anayempa mkwe chakula. Mama Chisomo, aliyekuwa akipita kwenda kwa Eneless, alisimama. Naye akanunua, akapokea, akapiga makofi taratibu ya kushukuru.

"Ee, mama! Siku hizi unatupa kwa heshima!"

Sifa zikaenea. Kufikia saa sita kapu lilikuwa tupu, na kila mmoja alikuwa ameondoka na dagaa pungufu kuliko wa wiki ya kichuguu, akitabasamu. Eneless alinuna na vitunguu vyake.

Maumivu yalikuwa yamempanda Mailesi mpaka begani. Mama Chisomo alirudi kuaga, na Mailesi akauweka ule mkono juu ya meza, wazi kabisa, umevimba, akasubiri. Miaka kumi na moja amewapa kwa mkono huo. Alitaka mtu mmoja tu aulize umepatwa na nini.

"Kesho unizidishie kidogo," alisema Mama Chisomo, akaenda zake.