Viti vya Msiba wa Mtu Aliyelala

Nimewahi kumwombolezea mtu ambaye alikuwa amelala tu, tena akikoroma, na nikaita majirani waje wanisaidie kulia. Wapangaji wa ploti nzima wanaisimulia hadithi hii wanavyotaka, kwa hivyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla haijatiwa chumvi zaidi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na mpaka leo sijaona sababu ya kutoka. Mke wangu anauza nguo mtaa wa Bondeni. Mimi niko hapa mtaani Section 58 nafuga kuku, napika, nafua, na kazi ikiisha nachungulia dirishani. Safari yangu ndefu mwaka huu ilikuwa harusi huko Bahati, na hata hiyo niliondoka kabla keki haijakatwa kwa sababu ya kuku. Ndiyo maana wananiita Baba Kuku.

Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa mke wa afande. Si afande wa kufungua geti. Huyu ni mkubwa, anaongoza vijana kule ng'ambo ya mpaka kunakopiganwa. Zamani nilifikiri mke wa mkubwa ana raha zake, mpaka nilipoona kazi yake. Kijana akianguka huko, gari la kijani linakuja kumchukua huyu mama. Anavaa sketi nyeusi, anafunga kitambaa, anaenda na pasta wa jeshi kubisha mlango wa mwanamke mwingine. Wake za wale vijana wote wana namba yake. Simu ikilia tukiwa kwa kamba za nguo, kwanza anaiangalia kama nyoka, halafu anaipokea kwa sauti tamu: "Haya mama, niambie."

Na sisi wote tulikuwa na hofu moja tusiyoisema: siku gari litakapokuja, si kumchukua, bali kumwambia.

Basi Jumamosi moja, mke wa afande ameenda sokoni, mimi nachagua maharagwe dirishani, gari la kijani hilo. Wakashuka wanaume wawili wenye sare. Mmoja alikuwa amekonda, ana ndevu, kofia mkononi. Wakapita uani vichwa vimeinama, wakaingia kwa mama, ambaye hafungi mlango akienda sokoni. Baadaye kidogo dereva akatoka peke yake, akaenda. Nikajumlisha: yule wa ndevu ni pasta, amebaki anamngoja mjane.

Maharagwe yakamwagika. Nilikimbia kwa shosho, bibi mzee wa nyumba ya mbele, yule anayeongoza nyimbo kila mahali penye msiba.

"Shosho, afande ametuacha."

"Nani amekuambia?"

"Nimeona na macho yangu."

"Macho yako si ndiyo yaliona mwizi, kumbe ni shati lako?"

Lakini alikuwa tayari anatafuta leso. Kwetu mtu akifiwa hangojwi aombe. Nilileta viti vya plastiki kutoka kanisani, nikabeba sufuria kubwa kichwani, watu wakaja na sukari, majani chai na kuni. Githeri, mahindi na maharagwe, ikawekwa jikoni. Nilisimama katikati ya uwanja nikielekeza mahali pa kila kiti, na nikiri, nilikuwa najisikia mtu wa maana. Tulikubaliana tusibishe mlango, tusimsumbue pasta. Shosho akaanza wimbo, polepole, ule wa kuvunja moyo.

Ndipo mama akaingia getini na kabichi mkononi.

Aliona viti. Akaona sufuria. Wimbo ukatukatikia mdomoni. Nilingoja apige kelele, na nilikuwa nimejiandaa kumdaka. Hakupiga. Alituangalia mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ndogo:

"Ni wangapi?"

Hakuuliza kama ni mume wake. Aliuliza ni wangapi. Mimi nikamsogezea kiti.

Mlango nyuma yetu ukafunguliwa. Akatoka yule wa ndevu, amevaa fulana na shuka kiunoni, shavu limejaa mistari ya mto.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamwangalia vizuri. Kitambi hakipo, mashavu hayapo, lakini pua ilikuwa ile ile ya afande. Alikuwa amepewa likizo, akanyamaza ili amshangaze mke wake, akaona alale kidogo akimngoja.

Kabichi ilimpata kifuani. Halafu mama mwenyewe akampata, wakashikana pale mlangoni, anampiga ngumi za mgongo na kulia na kucheka. Shosho akapiga vigelegele, akabadilisha wimbo bila hata kupumua, na watu wakaanza kucheza katikati ya viti vya msiba.

Githeri haikurudishwa. Tulikula mchana kutwa, na afande, sahani ya tatu mkononi, akaniita. Nikajua nimekwisha.

"Baba Kuku, mimi nikisikia huo wimbo kwanza nahesabu vijana wangu. Nilihesabu wote nikiwa bado kitandani."

"Mimi nilihesabu kuanzia getini," mke wake akasema. "Wewe unabeba bunduki, mimi nabeba simu. Tubadilishane?"

"Hapana. Bunduki unaweza kuifunga, simu yako haifungwi."

Walicheka wao wawili, cheko ambalo sisi wengine hatukuwa na sehemu yake. Kisha afande akaniuliza kilichonifanya nidhani wameleta msiba.

"Mliinamisha vichwa, afande."

"Kamba yako ya nguo iko chini! Suruali yako ilitaka kuninyonga!"

Ploti ilicheka mpaka kuku wakakimbia. Kamba niliinua jioni hiyo hiyo.

Likizo iliisha. Gari la kijani lilipokuja kumchukua afande, ndevu zimenyolewa na mashavu yamerudi kidogo, nilisimama mbali na viti vyote. Mama alipunga mkono hadi gari likapotea, akaweka simu mfukoni, akaja kusimama mbele ya dirisha langu.

"Baba Kuku, hilo gari likija tena usiite mtu, na usilete viti. Kuja peke yako, ukae na mimi, na ufunge huo mdomo."