Upinde wa Madam Uliopimwa Mwilini Mwangu

Madam wangu wa Dubai hakupenda kupimwa. Kwa kuwa tulikuwa na kimo kimoja na viatu vya saizi ileile, nilipimwa mimi. Fundi wa abaya alinizungushia futi mimi. Viatu vipya nilivivaa mimi jikoni mpaka vikalainika. Hata miwani ya jua nilivalishwa mimi dukani, dereva akanipiga picha, na madam akajibu kwa simu: "Khalas, chukua." Kwa hiyo siku aliponituma nipeleke upinde wake sevisi, hakuna aliyeshangaa.

Usidhani ni kijiti na kamba. Ulikuwa upinde wa kisasa, wa chuma, una gurudumu kila ncha na nyuzi zinazopishana katikati. Aliununua kwa sababu wifi yake, dada wa mumewe, alinunua kwanza. Wawili hao walishindana kwa kila kitu, kuanzia keki mpaka alama za watoto shuleni, na wifi ndiye aliyeshinda siku zote. Kila Ijumaa familia ilikwenda shambani nje ya mji, na wanawake walikuwa na ua wao wa kulengea shabaha. Mishale ya madam ilikwenda kushoto. Mmoja uliwahi kutoboa bwawa la plastiki la watoto, tukabaki tunaogelea kwenye matope.

Mimi nilikuwa na shida yangu moja tu. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Tanga, nami nilikuwa naomba likizo. Madam alisema inshallah, baada ya Ramadhani. Kisha baada ya wageni. Kisha baada ya mtoto kuzoea shule. Safari hii akaniambia, "Nikimshinda wifi yangu, utakwenda." Niliubeba upinde ule kwa adabu kuliko nilivyombeba mtoto wake.

Duka lilikuwa pembeni mwa mtaa wa Mankhool, lenye mahema, viatu vya jangwani na vikofia vya kufunika macho ya mwewe wa kuwindia. Fundi alikuwa Mkenya. Alinisikia nikimlalamikia mama kwenye simu, akacheka.

"Ala! Kumbe wewe ni wa kwetu! Leta tuone, siz." Akaugeuza upinde, akatikisa kichwa. "Hii bow imeteseka. Uzi umeota nywele. Haijawahi pakwa nta ama?"

"Kaka, mimi napika maandazi. Nta nitaijulia wapi?"

Akaufunga kwenye mashine ya kuubana, ukajikunja polepole mpaka nyuzi zikalegea, akazitoa na kuweka mpya. Kisha akaniambia nisimame ukutani, ninyooshe mikono. Nikanyoosha. Kazi hiyo nilikuwa nimeizoea. Akapima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, akarekebisha magurudumu, akanikabidhi.

"Vuta. Lakini usiachie bila mshale, itapasuka. Ni nzito?"

"Nzito? Mimi nimekulia kwenye kinu cha kisamvu."

"Watanzania kwa kujisifu! Nikaze?"

"Kaza."

Akazungusha skrubu za juu na chini. Nikavuta tena.

"Sasa?"

"Laini."

"Siz, hata mimi sivuti hiyo."

"Basi kaza, Wakenya mjifunze."

Alikaza mpaka akatoka jasho chini ya kiyoyozi. Kisha akatundika karatasi, akaniambia niipige kwa mshale. Tundu likachanika kwa pembeni. Akasogeza kidogo mahali mshale unapolala, nikapiga tena, na safari hii tundu likawa la duara, safi. "Hiyo ndio sevisi," akasema. "Hii bow sasa ni wewe tupu." Nilirudi nyumbani natabasamu kama bibi harusi mwenyewe.

Ijumaa madam akasimama mbele ya shabaha, akavuta. Upinde haukutikisika. Akavuta tena, mguu mmoja ukainuka, shela ikaanguka, uso ukaiva. Wifi akashika mbavu.

"Umeufanya nini?" madam akanifokea.

"Umepimwa, madam. Kama abaya."

"Mpe yeye," wifi akasema huku akifuta machozi ya kicheko. "Yalla, tuone."

Nikavuta, nikaachia. Mshale ukaingia katikati ya shabaha. Nikapiga wa pili, ukakaa jirani na wa kwanza. Nilifurahi, nisiseme uongo. Madam akarukaruka akipiga kelele, "Nimeshinda! Nimeshinda!" na mimi moyoni nikaanza kufunga sanduku.

"Umeshinda wewe?" wifi akamuuliza. "Mkono ulioshinda unaulipa mshahara."

Ua mzima ukacheka. Kwenye gari madam alikuwa amenuna. "Ijumaa ijayo utapiga tena, mpaka anyamaze," akasema. Ijumaa ijayo ndiyo ilikuwa siku ya harusi. Nilipomkumbusha, alisema inshallah, baadaye. Nilikasirika, na jioni hiyo chai ya madam niliitia tangawizi ya kumkomoa.

Nilipomwekea kikombe, nikajikaza nikamwambia, "Madam, wifi yako amesema kweli. Ukishinda kwa mkono wangu, atacheka mpaka mzeeke. Twende ukapimwe mwenyewe."

"Mimi? Nipimwe na mwanamume dukani?"

"Fundi hatakugusa. Futi nitashika mimi."

Alikunywa chai, akakohoa, akawaza. Kesho yake tukaenda.

"Siz! Umerudi nikaze tena?" Mkenya akapiga kelele. Nikamtolea macho. Akamwona madam nyuma yangu, akameza maneno, akaleta futi. Nikampima madam ukutani. Kumbe mikono yake ilikuwa mifupi kuliko yangu kwa shubiri nzima! Ndipo nilipoelewa kwa nini abaya zake zote zilimeza vidole. Nilikuwa nikidhani ni fasheni.

Fundi akalegeza skrubu. Bado nzito. Akalegeza tena. Bado. Alikuwa anaung'ata mdomo wake wa chini asicheke, asinitazame. Mwishowe madam akavuta na uzi ukaja, na pale mwisho, kama upinde huo unavyofanya, uzito wote ukalegea ghafla mkononi mwake. Macho yakamtoka. Akaachia. Karatasi ikapata tundu la duara, safi. Madam akaichomoa mwenyewe, akatazama darini kupitia lile tundu, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani kwake.

Garini alikuwa bado ameishika karatasi ile mapajani.

"Ijumaa sikuhitaji," akasema.

Sisi wafanyakazi wa ndani tunaogopa neno hilo kuliko ugonjwa. Nikamwomba alirudie.

"Sikuhitaji. Tikiti yako ni ya kesho. Nenda ukamwoze mdogo wako."

Nikaangua kilio palepale, makamasi na yote. Madam akahangaika, akatafuta kitu cha kunipa, akanisukumia ile karatasi nijifute. Nilipoifikisha puani akaitambua, akapiga yowe, akaninyang'anya.