Nilijizeesha kwenye kadi ya kura, nikakosa kijiti cha bure

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi.

Niko Kalemie, na haya yamenikuta mimi mwenyewe. Chumvi sijaongeza, hayahitaji.

Nina miaka 22. Nina mtoto mmoja, Neema, wa miezi minane, na mwaka huu namaliza masomo ya ualimu. Na baba yake tunaishi pamoja, ila kanisani bado hatujafika.

Mimba nyingine sasa hivi ingekuwa kwaheri diploma. Hilo lilikuwa linaninyima raha kabisa.

Basi kituo kimoja cha afya kikatangaza wiki ya vijana: uzazi wa mpango bure, mwisho miaka 24. Asubuhi na mapema nikawa pale, nataka kijiti cha mkononi.

Nesi akatazama kadi yangu ya kura, akanitazama usoni.

"Dada, hapa iko makumi mbili na sita. Ya bure inaishia makumi mbili na ine."

Wakuu, nilishindwa nicheke au nilie.

Iko hivi: huku kwetu kadi ya kura ndiyo kitambulisho cha wengi. Nikiwa na miaka 16 niliitaka kwa udi na uvumba, nikadanganya umri. Wenzangu walisema 18, wakaishia hapo. Mimi kwa woga wa kushtukiwa nikasema 20! Ujinga wangu huo.

Nesi akanihurumia. "Ulete karti ya batizo, tutaona."

Karti iko kwa mama. Na mama ni mwanakwaya, mambo haya hatujawahi kuyagusa hata siku moja.

Nikamkuta anaanika dagaa. Nikamwomba karti yangu ya ubatizo, sikusema ya nini.

Hapo nilikosea. Kwetu binti mkubwa akiomba karti hiyo, maana yake ni ndoa ya kanisani!

"Papa Neema ameamua? Yesu Maria!" Vigelegele. Jirani akatoka mbio, wakaanza kubishana rangi ya kitenge cha sare.

Nikamvuta mama ndani, nikamweleza ukweli wote. Jamani, nilijua leo ni leo.

Akafungua sanduku, akatoa karti, akajifunga kitenge vizuri.

"Twende."

Kule kwa nesi hakungoja kuulizwa.

"Mimi njo nilimuzaa. Iko na makumi mbili na mbili. Mimba yake njo iliniachisha masomo, nilikuwa sixième, mwaka ya mwisho, examen iko karibu. Mumuwekee. Huyu amalize."

Miaka yote hiyo nilidhani mama hakupenda shule. Sikuwahi kumuuliza. Nililia palepale mbele za watu, mama akaniambia niache kuchelewesha foleni.

Kijiti ninacho, na darasani siku hizi natulia.

Nilichojifunza: umri wa kudanganya hukurudia siku usiyoutaka. Na mimi nilimwogopa mama bure, kumbe ndiye aliyeijua shida yangu kuliko mtu yeyote.

Haya, uwanja ni wenu, wa kunicheka mnicheke. Ila mnijibu na hili: mama zenu waliacha nini ili ninyi mzaliwe? Mmewahi kuwauliza?