Ndege nyuki iliyohesabu ng'ombe wa Mzee Shija

Saa moja asubuhi, Ubaruku, bonde la Usangu. Tupokigwe Mwakalobo anaiweka ndege nyuki yake juu ya tuta la shamba la mpunga, anafuta lenzi kwa pindo la kanga, lakini hairushi. Anasubiri ng'ombe wa mwisho atoke zizini kwa Mzee Shija. Huyo wa mwisho hana haraka, anakojoa kwanza.

"Haya, twende," anasema. Ndege inapanda, na kwenye skrini Usangu yote inafunguka: majaruba ya kijani hadi upeo wa macho, maji yakimeta katikati. Wakulima waliozoea kuyaona wakiwa na matope magotini wanaisogelea skrini.

Tupokigwe, 31, alianza na picha za harusi Mbeya mjini. Sasa chama cha wakulima humlipa shilingi elfu nane kwa ekari aonyeshe maji yanapovuja. Kibali cha kurusha anacho. Ruhusa ya majirani hakuwahi kuiomba.

Mwaka jana picha yake ilionyeshwa ukutani kwenye mkutano wa chama. Pembeni lilionekana zizi la Shija, limejaa. Watu wakasahau mpunga, wakaanza kuhesabu migongo. Kwa mfugaji huyo wa Kisukuma, ambaye idadi ya ng'ombe zake haitajwi mbele za watu, ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni.

"Binti, Minza ni mke wangu mwaka wa thelathini huu, na hajui ninao wangapi," alimwambia. "Wewe umewajulisha mpaka wauza vitumbua."

Akasema sheria ya kulinda taarifa binafsi anaijua, ameisikia redioni, na ndege hiyo isipite tena kwake. Tatizo, boma lake liko katikati ya mashamba. Bila kupita hapo, kazi yote ya chama ingekwama.

Tupokigwe akaenda kwake kwa miguu, akaomba radhi, akaifuta picha mzee akiona. Ng'ombe walikuwa malishoni. Shija akauliza, kwa kununa bado, kwake panaonekanaje kutoka huko juu. Tupokigwe akairusha ndege aone.

Mzee aliitazama skrini muda mrefu. Boma lilitosha kiganjani. Kutoka humo njia za kwato zilitawanyika, zikaungana, zikafika mtoni.

"Hizi tumezichora sisi?" aliuliza taratibu.

Kisha akatoa sharti: ng'ombe watoke kwanza.

Msimu ujao Tupokigwe anakwenda Pawaga, Iringa, kwa kazi kama hii. Ameomba siku sita.

"Mbili za kwanza ndege hairuki," anasema. "Nitabisha hodi nyumba kwa nyumba, niwaulize ni kipi wasichotaka kionekane."